Mtoto wa nani? Swali ambalo Mwingereza haulizi kwa mdomo

Nilikuwa sijamaliza hata wiki mbili kazini, nyumba ya kutunzia wazee huko kusini mwa Uingereza, nikapangiwa meza ya bibi mmoja wa miaka 80 na ushee, mwembamba, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, sweta lake limetoboka viwiko na limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine kabisa. Nikamuuliza kwa heshima zangu zote za Tanga kama anataka "serviette". Akaniangalia kidogo, akatabasamu, akasema pole pole kama anamfundisha mtoto kusoma: hapa tunasema "napkin". Basi nikasema sawa, nikamletea. Kitambaa ni kile kile, nikajua ni mambo ya uzee tu.

Dakika haijapita, mzee wa meza ile ile, yeye alikuwa mjenzi, kajenga manyumba na kuyauza mpaka akapata hela ya kueleweka, akaniita, mwanangu hebu niletee serviette na mimi. Bibi hakusema neno. Aliinamisha macho kwenye supu yake na pembeni ya mdomo kikapita kicheko kidogo, cha nusu sekunde, ukipepesa hukioni. Mimi nilikiona na mzee naye alikiona, maana shingo ilimwiva nyekundu na ile supu hakuimaliza.

Sasa mimi hawa wawili nilikuwa nimewapanga kinyume. Mtoto wa yule mzee akija kumuona baba yake anakuja na Range Rover inang'aa, ananukia marashi mpaka korido nzima inajua kafika, sisi wafanyakazi anatuletea maboksi ya chokoleti. Watoto wa bibi wanakuja na gari limejaa matope na manyoya ya mbwa, makoti yamechanika mifuko. Kwa macho ya kwetu mzee ndiye tajiri na bibi ni wale waliofulia zamani wakabakiwa na maringo. Ikabidi mwenzangu mmoja kazini, Mpolandi aliyekaa pale miaka mingi, anikalishe chini anifafanulie, na alichokuwa anasema nikikigeuza kwa Kiswahili chetu ni neno moja tu, kwamba yule bibi ana kwao. Mzee ana hela, bibi ana kwao. Toka siku ile nikaanza kuwasikiliza hawa watu kwa sikio lingine.

Pwani tunajua sana habari hii. Ukitokea mahali mgeni, kabla hujapewa hata maji ya kunywa unaulizwa, wewe mtoto wa nani? Wa kina nani? Ukishajibu, watu wanajua wakuweke jamvi gani. Mwingereza naye anataka kujua kitu hicho hicho na anakitaka kwa hamu kuliko sisi, sema yeye hawezi kuuliza, kuuliza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo anasikiliza tu. Anasikiliza unavyoita kitambaa cha kujifutia mdomo, unavyoita choo, chakula cha jioni unakiitaje, herufi gani unaimeza na gani unaitamka, na ndani ya sentensi mbili ameshapata jibu la baba yako alikuwa nani.

Na hili jambo limeandikwa na wasomi kabisa, sio stori za vijiweni. Mwaka 1954 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Alan Ross, alichapisha makala kwenye jarida la wanaisimu la Helsinki, Finland, jarida ambalo Mwingereza wa kawaida hata hajui kama lipo, akaeleza kwamba tabaka la juu la Uingereza siku hizi, yaani siku zake, haliwezi kutambulika tena kwa elimu wala kwa usafi wala kwa utajiri, limebaki kutambulika kwa lugha tu. Akagawa maneno mafungu mawili, akayaita U na non-U, ya watu wa juu na yasiyo ya watu wa juu. Mwaka uliofuata Nancy Mitford, mwandishi na binti wa lodi, akalichukua lile jambo akaliandika kwenye jarida la London kwa utani nusu na ukweli nusu, na nchi ikapagawa. Watu wazima, wenye kazi zao na nyumba zao, wakaanza kuogopa kufungua midomo.

Ukiliangalia lile fungu la maneno ya "chini" unakuta kitu cha ajabu kidogo. Ya chini ni "serviette", "toilet", "pardon". Ya juu ni "napkin", "lavatory" au "loo", na badala ya kusema "pardon" mtu wa juu akiwa hajakusikia anakukaripia tu "What?" Yaani nini! Sisi mtoto akiitikia "nini" anapigwa kofi, anaambiwa sema "abee", sema "naam". Kiswahili kadri unavyojua adabu ndivyo unavyozunguka, huendi chooni, unaenda msalani, unaenda maliwatoni, unaenda uani. Wao juu kabisa kule hawazungushi. Wanaozungusha ni wa katikati, waliookota neno la Kifaransa ili waonekane waungwana, na neno lile lile walilolivaa kama nguo ya sikukuu ndilo linalowaumbua. Heshima yenyewe ndiyo inayokushusha.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuona kwamba tunaidhania vibaya hii dharau ya Waingereza. Tunadhani ni tajiri anamdharau maskini. Maskini ana matusi yake anayotupiwa, magazeti ya miaka ya 2000 yalijaa neno "chav", vijana wa nyumba za halmashauri na tracksuti zao, na hilo lina ukatili wake. Ila ile dharau yenyewe ya Kiingereza, ile ya ustadi, ya kicheko cha nusu sekunde juu ya supu, haipotezi muda na maskini, maskini yuko mbali na ngazi. Inamsubiri anayepanda.

Chukua Michael Heseltine. Huyu alijitengenezea utajiri mwenyewe kwenye biashara ya uchapishaji, akawa waziri, akawa naibu waziri mkuu, jumba lake na bustani zake watu wanalipa kwenda kuziona. Mwanasiasa mwenzake wa chama chake cha Conservative, Alan Clark, aliandika kwenye shajara zake maneno aliyosema yalitoka kwa mwenzao mwingine, Michael Jopling, kwamba tabu ya huyu Heseltine ni kuwa fanicha zake zote ilibidi azinunue mwenyewe. Rudia kusoma. Kosa la mtu ni kununua fanicha! Kwetu mtu akinunua makochi mapya anayaacha na nailoni lake mwaka mzima ili kila mgeni ajue yametoka dukani juzi. Wao watu wa kweli hawanunui fanicha, wanazikuta, za babu wa babu, zimelika na mchwa, na sofa ikichanika haishonwi, ile michaniko ndiyo cheti chenyewe. Sweta la yule bibi nikalielewa hapo.

Na utamu wa hii stori uko kwa huyo huyo aliyeiandika. Alan Clark alikuwa anakaa kwenye kasri, Saltwood, kule Kent, kasri haswa lenye minara na kuta za mawe, na ile kasri baba yake aliinunua miaka ya 1950. Hela ya ukoo wenyewe ilitokana na kiwanda cha nyuzi za kushonea huko Paisley, Scotland. Nyani haoni nani hii. Mwenye kasri la kununua anamcheka mwenye kabati la kununua, na anaweza kumcheka kwa sababu moja tu, kwamba yeye ametangulia vizazi viwili vitatu.

John Prescott naye, kabla ya siasa alikuwa anahudumia abiria kwenye meli za Cunard, anabeba trei za vinywaji. Akaja kuwa naibu waziri mkuu kwa miaka 10, 1997 hadi 2007. Akisimama bungeni kuongea, upande wa pili walikuwepo waheshimiwa wanamrushia oda, niletee jini na toniki! Anayetajwa zaidi kwa mchezo huo ni Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Hebu piga picha, mtu anazungumzia mambo ya nchi, na mtu mzima mwenzake anamkumbusha trei. Na humsikii mtu anamrushia oda kama hizo mhudumu wa kantini ya bunge, huyo hana tatizo, yuko mahali pake.

Carole Middleton, mama yake Catherine, ndio usiseme. Alikuwa mhudumu wa ndege wa British Airways, upande wa mama yake wachimba makaa wa Durham, mwaka 1987 akaanzisha biashara ya vitu vya sherehe za watoto, biashara ikakubali, binti akapelekwa Marlborough, shule ya watu, halafu chuo akakutana na William, mtoto wa mfalme mtarajiwa. Walipoachana kidogo mwaka 2007 magazeti yakajaa umbea kwamba marafiki wa mwana wa mfalme wakimuona binti wanaambizana kwa chini maneno ya wahudumu wa ndege, yale ya milango iwekwe "manual", na kwamba mama mtu alithubutu kusema "toilet" na "pardon" mbele ya malkia. Kama alisema au hakusema ni kesi nyingine, mimi kinachonishangaza ni kwamba nchi nzima, mpaka watu wanaosema toilet kila siku ya Mungu, walielewa utani bila kufafanuliwa. Arusi ikafungwa 2011 na leo Catherine ni Binti Mfalme wa Wales. Watoto wake hakuna atakayewafanyia utani wa milango ya ndege. Imeshasafika.

Kwa nini maneno ndiyo yamewekwa getini? Nilivyoelewa mimi, ni kwa sababu geti lenyewe halijawahi kufungwa vizuri. Uingereza cheo cha ukoo anapata mtoto wa kwanza wa kiume, wadogo zake wanabaki raia tu na majina ya heshima, wanaenda jeshini, kanisani, kwenye sheria, kwenye biashara, na wakienda huko wanaoa huko. Na hela ikipungua kasri linavuja, wanatafuta ya kuezekea popote ilipo. Mwaka 1895 duku (duke, cheo cha juu kabisa cha ukoo) wa Marlborough alimuoa Consuelo Vanderbilt, binti wa matajiri wa reli wa Marekani, na paa la Blenheim, jumba la ukoo, likapona. Mama yake Churchill mwenyewe, Jennie Jerome, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa New York. Kwa hiyo yule mjukuu anayeagiza jini bungeni, ukifukua kidogo unakuta mchezaji wa hisa wa Wall Street. Baadaye chini ya waziri mkuu Lloyd George vyeo vikawa vinauzwa kama samaki mnadani, ikabidi mwaka 1925 itungwe sheria ya kukataza. Kama kila anayekuja na hela anaweza kuingia, basi walioingia jana wanahitaji kitu cha kuwatofautisha na wanaoingia leo, na kitu chenyewe kisiwe cha kununulika kwa wiki moja. Lafudhi inafaa. Kujua usichokifanya inafaa zaidi.

Wapo ambao hawahitaji hata hayo. Duku wa Westminster anamiliki kipande kikubwa cha Mayfair na Belgravia, London, mtaa ambao sisi tunapita kuangalia madirisha tu. Chanzo chake ni ndoa ya mwaka 1677, babu wa ukoo wake Sir Thomas Grosvenor alimuoa binti wa miaka 12, Mary Davies, aliyerithi mashamba na madimbwi nje ya mji. Mji ukatambaa ukayafikia madimbwi. Mwaka 2016 duku akafariki, mtoto wake wa kiume Hugh akarithi akiwa na miaka 25, utajiri uliokadiriwa mabilioni ya pauni, na dada zake wawili wakubwa wapo hai wanaangalia cheo kinawapita kwa sababu ni wanawake. Taji la ufalme sheria yake ilibadilishwa 2013, sasa binti wa kwanza anarithi mbele ya mdogo wake wa kiume. Vyeo vya koo nyingi bado. Mtu wa namna hii anaweza kusema serviette asubuhi hadi jioni, dunia itabadilisha matumizi ya neno kumfuata yeye.

Wengine wote kuna shule. Wenyewe wanaziita "public school", shule za umma, na hakuna kitu chochote cha umma pale. Eton ilianzishwa na mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 kwa ajili ya vijana 70 wasio na uwezo, leo ada inapita pauni 60,000 kwa mwaka baada ya serikali kuziwekea shule binafsi kodi ya VAT asilimia 20 tangu Januari 2025. Mawaziri wakuu 20 wametoka shule hiyo moja, kutoka Walpole mpaka Boris Johnson. Watoto wanaosoma shule za kulipia nchi nzima ni kama asilimia 7 tu, lakini taasisi ya Sutton Trust ilipohesabu mwaka 2019 ikakuta asilimia 65 ya majaji wa ngazi za juu wametoka humo. Watu wakisikia hivyo wanasema basi wanafundisha vizuri. Wanafundisha vizuri ndiyo, ila kemia ni kemia, ipo hata kwenye shule ya kata. Kile mzazi anacholipia ni mtoto kufika miaka 18 hajawahi kuona chumba ambacho hakimfai, akiingia anavuta kiti, akikosea anacheka, akiwa hajui kitu anauliza kwa sauti. Yule mzee mjenzi angeweza kumnunulia hii mwanawe, na Range Rover inaniambia hakuinunua, au aliinunua kwa kuchelewa.

Hapa sasa kuna jamaa yetu kidogo, Rishi Sunak. Nasema jamaa yetu maana baba yake alizaliwa Kenya, mama yake alizaliwa Tanganyika, wale Wahindi wa kwetu waliohamia Uingereza, baba akawa daktari, mama akawa na duka lake la dawa Southampton. Hela ya duka la dawa na ya udaktari ikaenda Winchester, shule ya tangu 1382. Mwaka 2001, kijana wa miaka 21, alihojiwa na BBC kwenye kipindi kuhusu tabaka la kati, akasema ana marafiki wa ukoo bora, ana marafiki wa tabaka la juu, ana marafiki wa tabaka la wafanyakazi, halafu akajisahihisha, akasema wa wafanyakazi hapana. Ile video ikaja kufufuliwa miaka zaidi ya 20 baadaye akiwa anagombea, imsute. Na mwaka 2024 akiwa waziri mkuu, mwandishi akambana ataje kitu alichokosa utotoni, jamaa akahangaika weee akapata, Sky TV. Tulicheka sana kwenye chumba cha chai siku hiyo, hata yule mjenzi alicheka.

Ila mpinzani wake Keir Starmer, aliyekuja kumrithi uwaziri mkuu, naye alichekwa mwezi huo huo. Alikuwa amerudia mara nyingi mno kwamba baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa vya kiwandani na mama yake nesi, mpaka siku moja alipolisema kwenye televisheni, watu ukumbini wakaangua kicheko. Baada ya hapo watu wazima wakaanza kubishana kama mzee Starmer alikuwa fundi wa kuajiriwa au mwenye karakana yake, kana kwamba bajeti ya hospitali inategemea jibu.

Wengi husema hii ndiyo dalili kwamba tabaka limekufa Uingereza, angalieni, viongozi wanashindana nani alikuwa maskini zaidi! Mimi naona kinyume. Mwaka 2021 kundi la watafiti akiwemo Sam Friedman wa London School of Economics walionyesha kwamba Waingereza walio kwenye kazi za kitaalamu na umeneja, asilimia 47 wanajiita watu wa tabaka la wafanyakazi. Na hata wale ambao wazazi wao pia walikuwa kwenye kazi hizo hizo za maofisini, robo yao wanajiita hivyo hivyo. Wakiulizwa vipi, wanarukia kwa babu, babu alikuwa mchimba makaa, bibi alikuwa kiwanda cha nguo. Sisi Waswahili si tuliifanya hii? Pwani koo ngapi zilivuta nasaba mpaka Shirazi, mpaka Hadhramaut, ili zipande. Wenzetu siku hizi wanavuta nasaba mpaka shimo la makaa ya mawe ili mafanikio yao yaonekane ni jasho lao, sio ada ya baba. Mwelekeo umegeuka, kamba ni ile ile. Bado mtu anajieleza kwa kwao.

Na ukitoka kweli shimoni, sio kwa kuvuta, usidhani unasamehewa. Angela Rayner aliacha shule na miaka 16 akiwa mjamzito, akafanya kazi ya kutunza wazee kama hii yangu, akapanda mpaka naibu kiongozi wa chama cha Labour. Mwaka 2022 akaenda kuangalia opera Glyndebourne, bungeni siku chache baadaye Dominic Raab, naibu waziri mkuu wa wakati huo, akamkonyeza na kumtania kuhusu shampeni na opera wakati wafanyakazi wa reli wapo kwenye mgomo. Yaani umaskini wako ni sifa mradi usitoke nje ya geti lake, siku ukinunua tiketi ya opera wewe ni mnafiki. Na huo upande wa Labour wasijitoe, mwaka 2014 mbunge wao Emily Thornberry, kwenye uchaguzi mdogo wa Rochester, alituma mtandaoni picha ya nyumba ya mtu iliyotundikwa bendera za England na gari dogo jeupe la mizigo nje, hakuandika tusi, aliandika tu jina la mahali, na kila mtu alisikia kile kicheko cha nusu sekunde. Jioni ile ile akajiuzulu nafasi yake ya uongozi bungeni.

Sisi je? Tuliokuja na ndege juzi tuko nje ya ngazi yao, kwa uzuri na ubaya. Ubaya unajulikana, namfahamu dada alikuwa mwalimu wa sekondari Morogoro, leo anabadilisha wazee nepi usiku na mjukuu wa mzee anamsemesha kwa sauti ya juu na pole pole kama vile ni kiziwi. Ngozi wanaisoma kabla ya lafudhi. Uzuri ni kwamba lafudhi yenyewe hawawezi kuisoma, kwao Kiingereza cha Tanga hakina ghorofa, hawajui kama nimetoka ikulu au nimetoka Mabawa. Ndiyo maana yule bibi alinirekebisha kwa upole kabisa, bila sumu, kama unavyomuelekeza mgeni njia. Mimi sikuwa nashindana naye. Sumu aliiweka kwa mjenzi, Mwingereza mwenzake, aliyekaa kiti cha tatu kutoka kwake na anayelipa kwa mwezi hela ile ile anayolipa yeye. Watoto wetu waliozaliwa huku ndio watakaosomwa. Mpwa wangu London akiwa na wenzake anaongea Kiingereza cha mtaani, sielewi nusu, simu ya kazi ikiita anatoka korido, anakohoa, na anayepokea ni kijana mwingine kabisa.

Mwezi uliopita niliomba kazi ya ofisini, ya mezani, nimechoka mgongo. Ile fomu baada ya jina na anwani ikaniuliza, ulipokuwa na miaka kama 14, mtu mwenye kipato kikubwa nyumbani kwenu alikuwa anafanya kazi gani? Nikacheka peke yangu. Kumbe wameshindwa kuvumilia, wameamua kuuliza. Hilo swali ndilo linalopendekezwa na tume yao ya serikali inayoshughulikia habari za watu kupanda daraja, waajiri wengi wanalitumia, nia yake ni nzuri, wajue wanaajiri watoto wa nani. Kuna maboksi ya kuchagua. Baba alishafariki nikiwa na 9, mama ndiye alikuwa na genge pale mtaani, nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima, asubuhi vitumbua, na binti mmoja wa kumsaidia anayelipwa mwisho wa mwezi. Nikatafuta genge silioni, nikatiki wenye biashara ndogo walioajiri watu chini ya 25. Baadaye nikasoma wanavyoyapanga yale majibu, biashara ndogo inahesabiwa fungu la kati, mafundi wa kazi za mikono wako fungu la tabaka la wafanyakazi. Kwa hesabu zao wenyewe mama yangu na mizani yake amemkalia juu mzee Starmer.

Nikampigia simu jioni nimpe habari. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo huko na baridi? Nikamweleza yote, fomu, maboksi, waziri mkuu na baba yake fundi, na kwamba sasa yeye ni mtu wa kati. Akanyamaza kidogo, nasikia TV nyuma yake.

"Sasa wanauliza kwenu ni wapi, wazazi wako kina nani," akasema. "Kwani wamekuja kuposa?"